OK: Utani wa Boston Uliozunguka Dunia

Tarehe 20 Julai 1969, saa tano na dakika kumi na saba usiku kwa saa za Afrika Mashariki, chombo kilichoitwa Eagle kiligusa uso wa mwezi. Ndani yake walikuwamo Wamarekani wawili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin. Ulimwengu unakumbuka tangazo la Armstrong kwamba Eagle imetua. Lakini kumbukumbu za mazungumzo yao, zilizohifadhiwa na shirika la anga la Marekani, NASA, zinaonyesha kwamba sekunde chache kabla ya tangazo hilo kulikuwa na maneno mengine, ya kikazi kabisa. Aldrin alisema taa ya kuonyesha kwamba wamegusa ardhi imewaka. Armstrong akasema anazima injini. Aldrin akajibu, na jibu lake lilianza kwa neno moja: OK.

Hakumaanisha kwamba wametua vizuri, wala hakuwa akieleza furaha yake. Alimaanisha: nimesikia, limefanyika, tuendelee. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya neno hili. Linakubali bila kusifu.

Wanasarufi huyapanga maneno katika makundi, na mengi hutulia pale yalipopangwa. OK haitulii. Mkurugenzi wa London akipitisha bajeti, magazeti ya huko huandika "he OK'd the budget", na OK imekuwa kitenzi chenye alama ya wakati uliopita. Wahandisi wanaongoja ruhusa husema wanangoja "the OK", nayo imekuwa nomino. Filamu ya kiwango cha kati ni "an OK film", hapo ni kivumishi. Injini isiyosumbua "runs OK", hapo ni kielezi. Na mtu akiinuka kitini akasema "OK, let's go", neno limeshatoka nje ya sentensi, ni kihisishi, kama ile "haya!" ya mama anayewahimiza watoto wasichelewe shule.

Sauti nayo huligeuza. Likitamkwa kwa mkato, ni kukubali. Sauti ikipanda mwishoni, ni swali: umeelewa? Likivutwa, "okaaay", msemaji ana shaka na alichoambiwa ila hataki kubishana. Likirudiwa harakaharaka, "OK, OK", maana yake ni basi, nimekusikia, usiendelee. Mambo haya hayamo katika kamusi ndogo za shuleni, na ndiyo maana watu waliosoma Kiingereza kwa miaka mingi bado hujikwaa kwenye neno ambalo hawakuwahi kudhani lina haja ya kufundishwa.

Kuna mitego inayostahili kutajwa. Tuseme mgeni Mwingereza yuko sebuleni Tanga, anakaribishwa chai, naye anajibu kwa upole, "I'm OK." Mwenyeji anaweza kusikia kwamba mgeni yuko tayari, akamimina. Kumbe mgeni alikuwa anakataa. Katika Kiingereza cha leo, jibu hilo kwa mtu anayekupa kitu lina maana ya "sihitaji, asante". Mtego mwingine unaumiza zaidi. Mwanafunzi anapeleka insha kwa mwalimu Mwingereza, mwalimu anaisoma na kusema, "It's OK." Mwanafunzi anaondoka na tabasamu. Angejua kwamba ameambiwa insha yake si mbaya lakini haijawa nzuri, angekaa kidogo aulize palipopungua. Tena Waingereza hutumia "You OK?" kama salamu nyepesi isiyongoja maelezo, ilhali Mmarekani akiulizwa hivyohivyo anaweza kudhani anaonekana mgonjwa.

Mwaka 1973 wanasosholojia wawili wa Marekani, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, walichapisha uchunguzi kuhusu namna watu wanavyomaliza mazungumzo, hasa ya simu. Walionyesha kwamba watu hawakati maongezi ghafla. Kwanza mmoja hutoa neno lisilo na habari mpya, kama vile "OK", na kwa kufanya hivyo humpa mwenzake nafasi ya kuleta jambo lolote lililobaki. Mwenzake naye akijibu "OK", wote wawili wamekubaliana kwamba yamekwisha, na sasa wanaweza kuagana. Mswahili hahitaji kufundishwa desturi hii. "Haya." "Haya basi." "Sawa, wasalimie huko." "Salamu zitafika." Hakuna aliyeongeza habari yoyote, lakini anayekata simu bila kupita hatua hizo huacha nyuma yake wasiwasi: amekasirika?

Neno lenye kazi zote hizi lilianza kama mzaha wa tahajia.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 waandishi wa magazeti wa Boston, mji wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, walipenda sana vifupisho. Waliandika herufi za mwanzo tu za maneno, wakamwachia msomaji akisie. Kisha wakazidisha utundu: wakafupisha maneno ambayo kwanza wameyaharibu tahajia kwa makusudi, ili yaonekane yameandikwa na mtu asiyesoma. "All right" iligeuzwa "oll wright", ikafupishwa O.W. "No go", yaani jambo lisilowezekana, iligeuzwa "know go", ikawa K.G. Aliyekuwa na simu ya mkononi Dar es Salaam au Nairobi wakati ujumbe mfupi ulipoanza kuenea anauelewa utani huo bila kuelezwa. Ni uleule wa "cjui" kwa sijui, "xaxa" kwa sasa na "2ko" kwa tuko. Vijana hawakushindwa kuandika. Walikuwa wanacheza, na aliyeusoma mchezo alikuwa mwenzao.

Jumamosi ya tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post, lililohaririwa na Charles Gordon Greene, lilichapisha habari ya kichekesho kuhusu safari ya chama kimoja cha mjini humo kilichojiita cha kupinga upigaji wa kengele. Ndani ya habari hiyo zilikaa herufi "o.k.", zikifuatwa na maelezo yake: "all correct", yaani yote sahihi. Uchekeshaji wake uko wazi kwa anayejua tahajia ya Kiingereza. "All" haianzi kwa O, na "correct" haianzi kwa K. Kifupisho kinachodai kwamba yote ni sahihi hakina hata herufi moja iliyo sahihi.

Vifupisho vingine vya msimu ule vilikufa. O.W. leo inajulikana na watafiti tu. OK ingekufa pia, lakini mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi.

Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea muhula wa pili. Alizaliwa mwaka 1782 Kinderhook, kijiji cha jimbo la New York, katika familia ya asili ya Uholanzi, na mpaka sasa ndiye rais pekee wa Marekani ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Nyumbani kwao walizungumza Kiholanzi. Wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook. Machi 1840 kundi la mashabiki wake mjini New York likajiita O.K. Club. Kwa jina hilo herufi mbili zilibeba ujumbe mara mbili: Mzee wa Kinderhook, na mambo yote sahihi.

Wapinzani wao wa chama cha Whig walizichukua herufi hizohizo na kuzigeuza silaha. Walizisoma "Out of Kash", kwamba serikali imeishiwa fedha, na kejeli hiyo ilichoma kwa sababu nchi ilikuwa bado katika msukosuko wa uchumi ulioanza 1837. Wakaeneza pia kwamba kifupisho kilianzishwa na Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, ambaye eti alikuwa haijui tahajia na aliandika OK juu ya hati alizoziidhinisha akiamini kwamba "all correct" huandikwa hivyo. Ulikuwa uzushi wa kampeni. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini kufikia hapo vyama vyote viwili vilikuwa vimelitangaza neno kote nchini, kila kimoja kwa nia yake.

Uzushi kuhusu Jackson ulidumu, na ukazaa ndugu. Rais Woodrow Wilson, aliyetawala kuanzia 1913 hadi 1921, aliamini kwamba neno ni la Wachoctaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, na alipoidhinisha nyaraka aliandika "okeh". Wengine walitaja maneno ya Kigiriki "ola kala", mambo yote mazuri. Wengine walitaja karani wa reli aliyeitwa Obadiah Kelly. Kila taifa, kwa kweli, lilitamani kuwa na hisa.

Nadharia iliyo karibu zaidi na Waafrika ililetwa na David Dalby, mtaalamu Mwingereza wa lugha za Afrika. Yeye alipendekeza kwamba mzizi ni "waw kay" ya Kiwolofu, maneno ya kukubali, yaliyovushwa Atlantiki na watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Wazo hilo halistahili kupuuzwa kwa dharau, kwa sababu Waafrika hao waliacha alama halisi katika Kiingereza cha Marekani. "Goober", jina la karanga katika majimbo ya kusini, limetoka kwenye "nguba" ya Kikongo, neno ambalo msomaji wa Kinshasa atalitambua mara moja. Lakini kila jambo lina ushahidi wake. Kwa "goober" ushahidi unaelekea Kongo. Kwa OK, maandishi yaliyopo yanaelekea kwenye gazeti la Boston, na kutoka hapo yanafuatana mwaka hadi mwaka.

Aliyeukusanya ushahidi huo ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1941 alionyesha habari za O.K. Club. Hakutosheka. Mwaka 1963 na 1964 alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la American Speech, akakirudisha chanzo hadi 1839 na kuzijibu nadharia nyingine moja baada ya nyingine. Leo mtu anaweza kutafuta neno katika magazeti ya karne nzima kwa kubonyeza mara moja. Read aliyasoma kwa macho, kurasa zilizochakaa, katika maktaba. Aliishi hadi 2002, akiwa na miaka 96, na kazi yake ni mfano wa namna historia ya neno inavyopaswa kuandikwa: si kwa hadithi inayovutia, bali kwa tarehe.

Baada ya siasa ikaja telegrafu. Laini ya Samuel Morse kati ya Washington na Baltimore ilifunguliwa 1844, na muda si mrefu kampuni za reli zikaanza kuziongoza treni kwa telegrafu. Mahali pengi treni za kwenda na kurudi zilitumia njia moja. Amri ya kusubiri kituoni, ikifika nusu au isipofika, iliweza kuua watu. Mwongozo mmoja wa watuma telegrafu wa mwaka 1865 uliagiza kwamba ujumbe usihesabiwe umefika mpaka ofisi iliyoupokea irudishe OK. Herufi zilizoandikwa kwa kuchekesha zikawa sharti la usalama. OK ya Aldrin ni hii ya reli, iliyopita kwa marubani na wanamaji kabla ya kufika mwezini.

Biashara haikukaa nyuma. Mwaka 1918 Otto Heinemann, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kampuni ya santuri mjini New York, akaiita OKeh, jina lililobeba pia herufi za mwanzo za majina yake. Ndiyo kampuni iliyomrekodi Mamie Smith mwaka 1920 akiimba "Crazy Blues", santuri iliyouzwa kwa wingi na kuwashtua wenye kampuni ambao hadi hapo walikuwa wamewafungia milango waimbaji weusi wa bluzi.

Kisha kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Apple ilikuwa inatengeneza mashine iliyoitwa Lisa, iliyoingia sokoni 1983. Wabunifu walihitaji neno la kuweka kwenye kitufe cha kukubali, na hawakuipenda OK. Waliiona ya mtaani mno. Wakaandika "Do It", fanya. Walipowaita watu wa kawaida waijaribu mashine, walishangaa kuona baadhi yao wanakiepuka kitufe hicho. Mmoja akakasirika waziwazi: kwa nini kompyuta inamwita mjinga? Kwa mwandiko wa kioo kile, "Do It" ilikuwa inasomeka kama "dolt", ambayo kwa Kiingereza ni mpumbavu. Kitufe kikabadilishwa kikawa OK. Mfumo huo wa vitufe ulirithiwa na kompyuta za Macintosh, na leo mabilioni ya watu wameligusa neno hili kwa kidole hata kama hawajawahi kulitamka.

Ishara ya mkono ya OK, kidole gumba na cha shahada vikiunda duara, haikubahatika kama neno. Wapiga mbizi huitumia chini ya maji kusema niko salama, na huko ni muhimu, kwani gumba lililoinuliwa kwao lina maana ya kupanda juu. Ufaransa duara hilo linaweza kumaanisha sifuri, Japani fedha, Brazili ni tusi zito. Msafiri afadhali atumie mdomo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili neno limeingia kama "oke" au "okei", na linasikika hata kwa mtu asiyejua sentensi nzima ya Kiingereza. Halikuja kuziba pengo. Kiswahili kina naam, ndiyo, haya, sawa, vyema, barabara, na vijana wana poa na fiti. Kila moja lina uzito wake na mtu wake. "Naam" huitikia wito na kubeba heshima. "Barabara" huthibitisha kwamba jambo limekaa hasa linavyotakiwa. "Haya" huanzisha safari na huifunga. Kijana wa Pwani anayeagizwa na bibi yake akajibu "oke" peke yake hajatukana, lakini amelipunguza jibu. "Naam, bibi" linamtambua aliyesema, "oke" linautambua ujumbe tu. Wanaosema kwamba "oke" ni neno la kisasa na hayo mengine ni ya kizamani wanakosea. Yanafanya kazi tofauti.

"Sawa" ndilo lililo karibu zaidi na OK, na lenyewe lina kazi nyingi. Haki sawa, mbili na mbili ni sawa na nne, umri wao ni sawa: asili yake ni ulinganifu. Kutoka hapo likawa neno la kukubali, na kwa kuongeza silabi moja, "sawa tu", likapata ile hali ya kukubali bila furaha ambayo Mwingereza huieleza kwa sauti. Watafsiri wa programu walichagua vizuri walipoliweka kwenye simu. Simu ya Android ikiwekwa Kiswahili, mahali pa OK huandikwa "Sawa", na mahali pa kukataa huandikwa "Ghairi".

Neno hilo kwenye kioo si la mazungumzo tena. Programu inapoomba kusoma orodha ya majina, mahali mtu alipo au picha zake, kubonyeza OK au Sawa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni ridhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinaipa uzito ridhaa ya mwenye taarifa. Kwa hiyo msomaji anayeshindwa kuelewa Kiingereza cha maombi hayo asione aibu kuibadilisha simu yake. Afungue Mipangilio, atafute sehemu ya lugha, achague Kiswahili, kisha asome kilichoandikwa juu ya kitufe kabla ya kukigusa. Na pale asiporidhika, Ghairi iko pembeni yake.